Kurasa Sita za Melania

"Hamdani aendelee na spika zake! Mimi nitaandika kurasa sita tu, na chanja zetu zitaisha kabla sauti haijamkauka!"

Melania aliyasema hayo mkutanoni Kasingirima, kipaza sauti mkononi, watu wakacheka hadi wakaegemeana. Mumewe Alphonce, seremala wa chanja za kuanikia dagaa, akainama kuvitazama viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza anavinunua. Wanawake wa mwalo wa Kibirizi walikuwa wanatafuta chanja za kikundi chao. Wakichukua za Hamdani, seremala mwenzake aliyejitangaza kwa spika za gari, Alphonce angefunga karakana arudi Kidahwe kulima mihogo.

Wazo la kurasa hizo mkewe alilipata kwenye maonyesho ya Nanenane. Muuza injini za boti alimpa waraka unaoeleza kwa nini injini hufa mapema ziwani. Hakuna "wahi sasa", hakuna msichana anayeichekea injini. Melania aliusoma wote, akamaliza anaitamani injini, na wao hata mtumbwi hawana.

"Amenifundisha kwanza," alimwambia mumewe. "Kuniuzia kumekuja baadaye."

Msimu mzima akaanika dagaa, wengine mchangani, wengine kwenye chanja. Akawaosha, akapima mchanga uliotuama. Mvua zilipoanza, hakuacha. Kisha akaandika, juu ya meza iliyotengenezwa kwa ajili ya mteja, ambayo Alphonce hakuthubutu kumwomba mkewe aiachie.

Alphonce akausoma waraka. "Mama Bariki, jina la karakana liko wapi?"

"Ukurasa wa sita, chini."

"Hili tangazo au mtihani wa kidato cha nne?" Akarudi nyuma, macho yakamtoka. "Na huu wa tano! Umeandika kwamba mvua ikinyesha, dagaa kwenye chanja zetu wanaoza?"

"Kwani hawakuoza?"

"Walioza, lakini ilikuwa siri ya familia!"

Melania hakufuta hata nukta. Akachapisha, akawagawia wanawake wa Kibirizi.

Siku ya uamuzi, Melania na mumewe wakiwa Kibirizi, gari la Hamdani lilipita likipiga muziki. Wanawake wakacheza, tena vizuri, wakarudi kwenye dagaa wao. Ndipo Léoncie, mwenyekiti wao, mzaliwa wa Burundi, alipoutoa waraka uliolainika kwa mafuta ya mawese. Akasoma kwa sauti, mwenzake akitafsiri kwa Kiha. Alipofika kwenye habari ya kuosha, akaacha kusoma.

"Leteni mabeseni mawili."

Wakaosha. Beseni la dagaa wa mchangani likaonyesha tabaka la kahawia. La pili, ambalo dagaa wake walitoka kwenye chanja ya jirani, chini ilionekana plastiki tupu ya beseni.

"Yemwe!" Léoncie akashangaa. "Mchanga huu ndio tunaowalisha watu?"

Wakasongamana, wakaingiza vidole, wakaitana. Alphonce nywele zilimsimama. Maisha yake yote amepigilia misumari, na hakuna aliyewahi kuitazama kazi yake hivyo. Na leo hakuwa amebeba hata ubao mmoja. Karatasi ndizo zilizokuwa zinafanya yote haya, na zilitoka kwa mwanamke anayelala naye kitanda kimoja.

Léoncie akafunua ukurasa wa tano. Alphonce akafumba macho.

"Mama Bariki, hili la mvua ni kweli?"

"Kweli, dada. Bila turubai, utalia."

"Yule wa spika, zake mvua inaziogopa?" Wakaangua kicheko. "Hakutuambia. Wewe umetuambia mpaka namna ya kufunika. Ego, ndiyo, tunachukua zako. Bei?"

Jibu hilo Melania akamwachia fundi. Akamgusa mumewe.

"Chanja moja, bila turubai, shilingi elfu tisini," akasema Alphonce.