Mgeni Aliyekuja na Uso Wangu

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, ndani ya nyumba yangu hapa Isiolo mjini. Sikuwa mgonjwa, wala sikuwa nimetafuna miraa.

Nianze na wivu, maana bila wivu hakuna kisa. Mume wangu ni mchuuzi wa mbuzi. Alioa mke wa pili kule Korbesa, msichana mdogo, na mimi sikuwahi kumwona uso. Dini imemruhusu, sawa, lakini roho yangu ilikataa. Wallahi nilikuwa naamka nikiungua. Siku moja nikasikia ati huyo msichana amenunuliwa simu. Nikajiambia, sasa ataona!

Akaunti yangu ilikuwa ya ndugu na marafiki peke yao. Nikaifungua kwa kila mtu ili yeye asikose. Nikaweka picha za sebule. Nikaweka dera la kijani nililoletewa Idd. Nikamweka Guyo, mtoto wetu wa miaka mitatu, mpaka ile alama yake nyuma ya sikio. Nikaandika hata jina ambalo mume wangu huniita tukiwa wawili, Damma, yaani asali. Akienda soko la Oldonyiro, naandika kwamba amesafiri na nimebaki na mwanangu. Nani alinilazimisha? Hakuna.

Jumatano moja, baada ya sala ya adhuhuri, nikasikia salaam aleikum mlangoni. Mwanamke amejifunika uso, macho tu ndiyo yanaonekana, na chini ya buibui linatokeza dera la kijani. Nikajua ni yule wa Korbesa, na ameletewa dera kama langu! Lakini kwetu mgeni haulizwi jina kabla hajanywa kitu. Nikabandika chai kwa hasira.

Niliporudi, Guyo alikuwa amepakatwa. Guyo, ambaye hulia hata akishikwa na shangazi yake! Mgeni alikuwa anamgeuza sikio.

"Alama iko," akasema.

Nani alimwambia? Nikaona ni baba yake, anapeleka siri za nyumba yangu Korbesa. Chai hata hajaigusa, nikamuuliza, "Wewe ndiye mke mwenzangu?"

Akacheka. "Mimi ni Mama Guyo. Mume wangu yuko Oldonyiro. Huniita Damma."

Akafunua uso. Niamini, ulikuwa uso wangu. Lakini ni ule wa kwenye picha, laini, bila kovu la kidevuni, maana kovu mimi hulifuta na simu kabla ya kupost. Akainuka na mtoto. "Guyo, twende kwa baba." Na mwanangu akamkumbatia shingo, akamwita mama. Nilimvuta, akalia akinikataa mimi.

Ungefanya nini? Mimi nilipiga kelele swali lililonijia. "Kama wewe ni Mama Guyo, kabla ya Guyo ulimzaa nani?"

Nilizaa msichana. Aliishi siku saba, tukamzika kule Biliqo. Sijawahi kumwandika popote, uchungu wake ni wangu.

Yule kiumbe akasema kwa sauti yangu mimi, "Huyo hukumweka." Akamshusha mtoto, akatoka. Nikakimbilia mlangoni. Barabara ilikuwa tupu, jua kali, hata mbuzi hakuna.

Siku hiyohiyo nilifuta kila kitu. Kumbe nimechelewa. Jumamosi mume wangu akarudi anatabasamu. "Damma, ulinifurahisha sana."

"Nimefanya nini?"

"Si ulikuja Oldonyiro Alhamisi? Ukanipikia, ukalala, ukaondoka alfajiri."

Hakumuuliza yule kiumbe swali hata moja. Wanaume! Nilimweleza yote, nikaapa, nikalia. Akaniangalia tu, akasema, "Lakini siku hiyo hukunigombeza hata kidogo. Mbona huwezi kuwa vile?"

Miezi imepita. Guyo nikimwita, husimama kwanza ananitazama usoni ndipo aje. Yule wa Korbesa siku hizi hata namwonea huruma. Nimesikia yule msichana hakuwahi kuifungua akaunti yangu, simu yake ni ya kupiga tu.

Kwa hivyo wewe unayenisikiliza, funga ukurasa wako leo. Usitangaze mumeo yuko wapi. Mtoto wako asionyeshwe watu usiowajua, na jina la chumbani libaki chumbani. Na uwe na jambo moja ambalo hakuna simu inayolijua, litakuokoa.

Langu lilimwokoa Guyo peke yake. Juzi baba yake alipokuwa anafunga safari ya Oldonyiro, nilimkuta mbele ya kioo anajipaka manukato. Manukato, jamani, ya kwenda kuuza mbuzi!