Nilimvika shujaa wa comic yetu kisutu, bibi akauliza mume wake yuko wapi

Wakuu, heshima zenu.

Kila wiki humu kuna kijana anauliza aanzeje comic ya fantasy. Leo nimeona niseme yangu. Hii sio chai, yamenikuta mwenyewe, na anayetaka kubisha abishe akishamaliza kusoma.

Mimi ni Mchagga, nimekulia Kariakoo, wazazi wanauza mabegi ya jumla. Kazi yangu ni kuchora. Anayeandika hadithi ni Mwana, dada wa Ilala, Mswahili wa pwani tangu mababu. Tulisoma wote sekondari tukaapiana kwamba iwe isiwe, tutatoa comic yetu.

Ramani ya kwanza ya dunia yetu niliichora mimi. Jamani! Ngome za mawe, misitu ya ajabu, theluji hadi magotini. Theluji yenyewe naionaga kwa mbali juu ya mlima, Desemba tukienda kula Krismasi nyumbani, tena siku mawingu yakiwa na huruma.

Mwana akaiangalia, akauliza kitu kimoja tu: hawa watu wanakula nini, na wananunua wapi?

Nikaikunja ramani yangu.

Tukaanza upya. Tukatengeneza soko ambalo wauzaji ni majini, limekaa kama Kariakoo, kila mtaa na bidhaa yake. Mtaa huu wanauza majina, ule wanauza usingizi, kule ndoto za mtumba. Aisee, kumbe dunia niliyokuwa naitafuta naipita kila asubuhi nikienda kufungua duka la wazazi.

Shujaa tukamwita Kidawa. Binti mwenye mkuki, haogopi jini wala mtu. Mavazi Mwana aliniachia mimi, na hapo ndipo nilipolikoroga.

Nilienda maduka ya kanga nikaona moja nyekundu, nyeusi na nyeupe. Rangi zinawaka, hata mashine mbovu ya kuchapa haiziharibu. Nikasema ni hii hii.

Muuzaji akanifungia huku anatabasamu. "Hongera kaka. Lini?"

Nikajibu asante. Nilidhani ni uchangamfu wa biashara tu.

Mwana alikuwa Tanga kwenye msiba. Michoro ya penseli alishaiona, nguo hakuiona. Nikapeleka kuchapa, toleo la kwanza likaingia mtaani. Aliporudi nikampelekea kwao Ilala, kifua mbele.

Sebuleni alikuwepo bibi yake, Bi Zena. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaichukua comic kabla ya mjukuu wake. Akalitazama lile jalada weee.

"Mashallah. Mume wake yuko wapi?"

Nikamwambia hana mume, bibi, huyu ni shujaa.

"Mtoto kavaa kisutu, kashika mkuki, halafu hana mume? Nyie mna wazimu?"

Kwa msiojua, kama mimi enzi hizo: kisutu ni kanga ya bibi harusi. Mwana alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Nikataka kufuta kila kitu, toleo la pili Kidawa avae nguo nyingine kimya kimya, tujifanye hakuna kilichotokea. Mwana akakataa katakata. Akasema bibi kauliza swali la maana, tumjibu.

Na jibu ndilo likawa hadithi nzima. Kidawa alikuwa anaolewa. Katikati ya vigelegele majini wakambeba bwana harusi, na yeye akaapa hakivui kisutu mpaka amuone mumewe. Kabla ya hapo, nawaambia ukweli, tulikuwa na binti anayepigana tu bila kujua anapigania nini.

Toleo kwa toleo, wasomaji wakaongezeka. Mpaka tukaitwa ofisi moja Upanga, wachapishaji. AC, chai ya maziwa, maneno matamu. Walitaka kukusanya matoleo yote kwenye kitabu kimoja, jalada gumu, kiuzwe mpaka nje. Wakuu, hiyo ndiyo ndoto yetu tangu sekondari.

Sharti moja. Kidawa avuliwe kisutu, avae vazi la chuma. Eti wasomaji wa nje hawataelewa kitambaa.

Nikamwambia bosi wao, "Mzee, ukimvua kisutu, hadithi imeisha ukurasa wa kwanza."

Akatupa muda tukafikirie.

Tulirudi kwa miguu, jua la utosi. Nilijua Mwana anakitaka kile kitabu. Hata mimi nilikitaka, iliniuma, nisiwadanganye. Tulipokaribia Kariakoo akasimama.

"Una uhakika?"

"Sina. Ila simvui."

"Basi na mimi simvui," akasema. Tukawapigia palepale kuwaambia hapana.

Tumeendelea kuchapa wenyewe kwenye karakana ndogo Ilala. Somo langu ni hili: kosa la mwanzo usikimbilie kulifuta. Kwanza uliza linataka kukuambia nini. Na mtu akitaka kuling'oa kwa sababu yeye halielewi, kaza.

Sasa juzi nimemaliza kuchora toleo la mwisho. Macho ya Bi Zena yamepungua nguvu, kwa hiyo Mwana alimsomea na mimi nikamshikia michoro karibu na dirisha. Kidawa anafika mtaa wa wauza usingizi, anamkuta mumewe. Amelala, amenenepa, anakoroma, hajawahi hata kumtafuta mkewe. Tulipanga amwamshe warudi nyumbani, vigelegele, mwisho.

Bi Zena akausogeza ule ukurasa mpaka puani.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, bibi."

Akamgonga kwa kidole yule anayekoroma.

"Vita vyote vile kwa ajili ya huyu?"

Mwana hoi kwa kicheko. Bibi wala hakucheka. Akanirudishia karatasi, akasema taratibu, "Alisema mpaka amuone. Si kamuona? Mwambieni avue kisutu sasa, amfunike nacho huyo bwana alale vizuri. Yeye arudi sokoni, ana kazi."

Kurasa za mwisho nimezichana, wakuu. Nipo mezani nachora upya, na kwa mara ya kwanza Kidawa anakivua kisutu, kwa mkono wake mwenyewe.

Karibuni mseme, hasa dada zetu: nyie mngemwamsha, au mngemfunika?