Siku Mama Alipoigiza Maiti

Nikisimama mlangoni pa studio yangu mjini Kitale watu huniita Dairekta, nami huitika, kwa sababu jina hilo nimelitolea jasho. Karo ya chuo cha filamu niliipata kwa kununua mahindi kule Kwanza, nje ya mji, na kuyauza mjini. Stashahada yangu nimeiwekea kioo na kuitundika mbele ya kiti cha mteja, ili asianze kubishana nami juu ya bei. Baada ya chuo nilikwenda Uarabuni, nikapiga video za harusi za watu wanaovaa dhahabu hadi miguuni, nikarudi na kamera zangu mwenyewe, nikajenga. Nyumba ile yenye paa la kijani ukishapita mtaa wa Tuwan ni yangu. Harusi ya maana ikifanyika huku bila mimi, jua bwana harusi hakujipanga.

Nasema haya ili ieleweke kwamba nikizungumza juu ya filamu fupi nilizotengeneza nikiwa mwanafunzi, sizungumzi kama mtu aliyeshindwa. Zilikuwa nzuri. Ya kwanza ilionyesha mikono ya wanawake wakipukuchua mahindi, bila uso hata mmoja, na mwalimu aliendelea kuwaonyesha wanafunzi waliokuja nyuma yangu. Ya pili ilihusu mlinzi wa ghala anayeogopa giza. Leo nikizitazama hizo mbili naona makosa ya mwanga, nacheka kidogo, nafunga. Ya tatu siwezi kuicheka.

Ilikuwa hadithi ya mwana anayerudi kutoka ng'ambo na kumkuta mamake amelazwa sebuleni. Niliiandika kabla sijamiliki hata pasipoti. Nilihitaji mtu wa kuwa maiti.

Kwetu Bungoma mtu atakupa shamba lake upigie picha, atakupa ng'ombe, hata koti la marehemu babake, lakini hatakupa mwili wake ulale kama wa maiti. Nilianza na shangazi yangu aliyeolewa Cheptais, siku alipotutembelea, kwa kuwa alikuwa na uso mwembamba ambao kamera ingeupenda. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Ati nilale nifunikwe? Kifo kikipita hapa kinikute nimeshajipanga? Tafuta mwingine, bana."

Mama alikuwa jikoni, akasikia. Akatoka akipangusa mikono.

"Mimi nitalala. Si mtoto wangu anasoma? Lakini niko na masharti."

Masharti yalikuwa haya: kuku achinjwe na apikwe wakati yeye amelala, kisha akiamka ale mbele ya watu, ndipo ijulikane kwamba amerudi upande wa wanaokula.

"Na firigisi ni yangu," akamalizia.

Kwetu firigisi ya kuku huwekewa mwanamume wa nyumba. Baba alipofariki nilianza kuwekewa mimi, nikiwa bado navaa kaptura, na Mama alikuwa amepika kuku maisha yake yote bila kuionja. Dada yangu mkubwa, aliyekuwa ameshika kisu, alicheka hadi akakaa chini.

"Mama, unakufa juu ya firigisi?"

"Kwani wewe unajua iko namna gani mdomoni?"

"Sijui."

"Basi nyamaza, chinja."

Tulimlaza sebuleni, tukamfunika shuka jeupe hadi kidevuni. Nilimwambia asitikisike, apumue taratibu kwa pua. Alilala vizuri kuliko waigizaji wengi niliowalipa tangu wakati huo. Jikoni kuku alianza kuiva, na harufu ya vitunguu ikaingia dirishani. Niliisogeza kamera kutoka miguuni kuelekea usoni, polepole, kama nilivyofundishwa, na ilipofika shingoni koo la Mama likapanda, likashuka. Alikuwa amemeza mate.

Mimi sikuona. Aliyeona ni mwalimu, mbele ya darasa zima. Alisimamisha picha, akasema, "Dairekta, maiti wako ana njaa." Darasa likaangua kicheko. Nilipata alama nzuri hata hivyo, lakini nilisononeka, na moyoni nikamlaumu Mama kwa kuniharibia picha.

Lakini sijutii koo lile. Ninachojutia ni kilichofuata. Nilipomwambia tumemaliza, Mama aliketi, akajifunga kitambaa vizuri, akasema:

"Sasa nipige nikiwa hai. Hiyo ya kufa isikae peke yake."

Nilitazama betri. Nilikuwa bado sijapiga picha za lango, mahali ambapo mwana anasimama na mkoba wake.

"Betri inaisha, Mama. Nitakupiga siku nyingine."

"Siku gani?"

"Si niko tu?"

Nikazima kamera, nikatoka nje. Nikiwa langoni nikipima mwanga, nilimsikia akiila ile firigisi huku watu wamemzunguka. Alitafuna kwa muda, kisha akatangaza kwamba ni ngumu kama kiatu, na kwamba wanaume wamewanyima wanawake kitu bure miaka yote hiyo. Nyumba nzima ilicheka. Mimi nikapiga lango.

Mama alifariki nikiwa Uarabuni. Tiketi nilijikatia mwenyewe, sikuchangiwa na mtu, na nilifika kabla ya mazishi. Tangu nirudi kabisa nimewapiga picha mama za watu wakicheza, wakilia, wakiwalisha mabinti zao keki. Naweza kukuambia ni upande gani wa uso wa mama gani unaopendeza.

Juzi dada yangu alinipigia simu kutoka Bungoma. Bintiye anaolewa, yule aliyepewa jina la Mama.

"Anataka wageni wamwone nyanya yake. Wewe ndiye wa kamera. Leta Mama akitembea, akisema hata 'karibu' tu."

Nikamwambia nitaleta, kwa maana sijazoea kusema sina. Nilipekua kila mahali nilikohifadhi kazi zangu. Mabaki ya filamu ile, vipande ambavyo sikuvitumia, nilikuwa nimeyafuta zamani. Mhariri mzuri hana huruma, ndivyo nilivyokuwa nikijisifu. Nikaenda Bungoma na kompyuta yenye filamu yenyewe.

"Iko hii tu," nikamwambia dada.

"Ile ya kulala?"

"Ile."

Hakuwa ameiona hata siku moja. Kamera ilipofika shingoni, alinishika mkono.

"Rudisha. Rudisha hapo!"

Nikarudisha.

"Amemeza mate! Huyo ni kuku wangu anamtamani!"

Alicheka hadi machozi, kisha machozi yakaendelea bila kicheko. Nikarudisha tena, na tena. Hatimaye akauliza:

"Na ile ya kula? Akisema iko kama kiatu?"

"Sikupiga."

"Si ulikuwa hapo na kamera?"

"Nilikuwa napiga lango."

Aliifunga kompyuta kwa mkono wake, taratibu.

"Hii hatuwezi kuonyesha kwa harusi, kaka."

"Najua."

Alikuwa amenipikia kuku, kama ilivyo desturi ndugu akija. Firigisi ilikuwa juu ya sahani yangu. Nikaichukua, nikaiweka kwenye sahani yake.

"Mimi sijakufa," akasema, akanirudishia. "Kula."

Nikala. Nilitafuna kwa muda mrefu.