Bibi Harusi wa Katindiuka Nilimpelekea Bomba la Kupe

Ndugu zangu, kosa ni langu. Sio la mtandao, sio la kompyuta, sio la shetani. Ni langu mimi, na nimechoka kulibeba. Jina niachieni tu, Ifakara penyewe padogo na bado natafuta mchumba!

Nilikuwa mtu wa kompyuta kwenye duka moja la mtandaoni hapa mjini. Watu wa bonde lote walikuwa wanaagiza vitu kwa simu, sisi tunafungasha, bodaboda anapeleka. Duka dogo, lakini watu walikuwa wanatuamini. Basi kampuni kubwa ya Dar ikatununua. Wakatuletea bidhaa zao, fulana mpya, na bosi mpya, Dada Careen, ambaye tulikuwa tunamjua kwa sauti ya simu tu.

Kazi niliyopewa ni kuunganisha mfumo wetu wa oda na wa kwao. Kila bidhaa ina namba yake, na namba zetu hazikufanana na zao. Dada Careen akaniambia, "Kaa na mtu wa stoo, mpitie bidhaa moja moja. Kila namba yenu muiandikie ya kwetu. Mkimaliza niambie tuwashe."

Mtu wa stoo alikuwa Mama Upendo. Huyu mama ukimfunga macho bado anakuletea sufuria uliyoitaka, tena na mfuniko wake. Sasa mimi mwenye diploma nikae naye siku tatu tunasomeana namba kama watoto wa chekechea? Kiburi jamani! Niliziacha namba kama zilivyo, nikaandika "tumehakiki," nikaenda zangu kula kitimoto.

Mfumo ukawashwa Jumatano. Kumbe namba arobaini kwetu ni shela la harusi, kwao ni bomba la kupulizia ng'ombe dawa ya kupe. Na namba ya bomba letu, kwao ndiyo shela!

Alhamisi asubuhi Mama Upendo akanifuata mezani na karatasi mbili mkononi.

"Mwanangu, hebu angalia. Huyu Neema wa Katindiuka anaolewa Jumamosi, naimba naye kwaya. Lebo inasema nimfungie bomba la kupe. Na huyu Mzee Masanja, mfugaji wa ng'ambo ya mto, inasema nimpe shela. Nimempigia simu, anasema yeye ana ng'ombe, hana harusi."

Nilikuwa na ripoti ya kuandika. Sikuinua hata kichwa.

"Mama, fuata lebo. Mfumo haukosei."

"Lakini shela lenyewe ni hilo hilo moja..."

"Mama! Fuata lebo!"

Akafuata.

Ijumaa mchana simu ikalia. Neema.

"Kaka, nimefungua boksi mbele ya mashangazi zangu wote! Nimeagiza shela, mmeniletea bomba! Nitalivaaje hili?"

Nyuma yake nilisikia shangazi mmoja akisema, "Labda mume amelipia mahari kwa awamu, ng'ombe wanafuata." Wenzake wakaangua kicheko. Neema akaangua kilio.

Kabla sijapumua, Dada Careen huyo hapo kwenye simu. Malalamiko yalikuwa yamemfikia, na sio hayo tu. Mwalimu mmoja aliagiza madaftari akapata nyavu za kuvulia. Akauliza kwa sauti ya upole inayotisha, "Tatizo liko kwenye mfumo au stoo?"

Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Mdomo wangu huu huu ukasema, "Stoo, dada. Wamekosea kufungasha."

Mama Upendo alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia. Jioni hiyo akaambiwa akae nyumbani mpaka atakapoitwa. Akavua fulana mpya ya kampuni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani kwangu, akachukua baiskeli yake.

Jumamosi alfajiri nikapanda bodaboda, nikavuka daraja kwenda kwa Mzee Masanja. Ndoa ilikuwa saa nane mchana. Barabara tope, suruali tope, roho tope!

Mzee alinipokea vizuri. Aliniambia oda ililetwa yeye akiwa machungani, mkewe ndiye aliyeipokea. Mke akanipeleka ndani. Mungu wangu! Shela la Neema, ile veli ya kichwani, limefungwa juu ya kitanda, na chini yake mjukuu mchanga amelala fofofo.

"Chandarua chenu kifupi," bibi akaninong'oneza, "lakini kina maua mazuri."

"Shikamoo bibi, hicho ni cha bibi harusi. Naomba nikitoe."

"Marahaba. Mtoto akiamka utakitoa. Ana siku mbili hajalala."

Nikakaa. Saa nne. Saa tano. Sijawahi kumwombea mtoto wa mtu alie kama siku ile!

Mzee Masanja akaniletea maziwa, akakaa kando yangu. "Kuna mama alinipigia juzi kuuliza kama kweli nimeagiza shela. Nikamwambia sikuagiza. Akasema ngoja amweleze mtaalamu. Huyo mtaalamu alisemaje?"

Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Mtoto aliamka saa sita. Nilifika Katindiuka saa tisa kasoro, Neema akaolewa amechelewa, shela linanuka moshi na mkojo wa kichanga. Watu wakacheza. Mimi sikuweza hata kula pilau.

Jumatatu nilimpigia Dada Careen nikasema yote. Kazi ya mfumo nikanyang'anywa, nikapangiwa kubeba maboksi. Nilistahili. Kisha nikaenda kwa Mama Upendo kumwambia ameitwa kazini. Nilimkuta anaanika mpunga.

"Namba hata mimi hukosea," alisema, huku akiendelea kuutandaza. "Hilo nimekusamehe tangu Alhamisi. Ila Ijumaa nilisimama pale mlangoni nikikusubiri useme neno moja tu. Kazini sirudi."

Na kweli hajarudi mpaka leo. Nikimsalimia barabarani anaitikia vizuri, "Marahaba, kaka." Kaka! Mimi niliyekuwa mwanangu!

Wenzangu mnaounganisha mifumo, mnaoandika "tumehakiki" wakati mmehakiki peke yenu, tena usingizini: acheni. Mama wa stoo akikufuata na karatasi mbili, acha ripoti, mvutie kiti, msikilize mpaka amalize. Na kama leo kuna mtu amekaa kwao kwa sababu ya mdomo wako, usimalize hata kusoma hapa. Nenda kaseme sasa hivi. Mimi nilisema Jumatatu, na Jumatatu nilikuwa nimeshachelewa.