Duara la Mama Mdogo

Mama mdogo, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, alikuwa akisuka nywele barazani kwake, katika mtaa wa Mangobo. Mimi nafundisha hesabu chuo kikuu, na siku zile kichwa kilikuwa kimenivimba. Nilikuwa nimejifunza kuuchora mtaa mzima kama wavu, kila nyumba nukta, kila matembezi mstari, kisha kukisia ugonjwa utapita wapi.

Ugonjwa wa vipele ulipoanza kutajwa mjini, niliwatuma wanafunzi wakaulize nani huenda kwa nani. Nyumba yenye wageni wengi niliichorea duara kubwa. Mkuu wa mtaa akaubandika mchoro kwenye mlango wa ofisi yake, watu wakajaa.

"Professeur, hii rond mukubwa ni ya nani?" akauliza, kidole juu ya lile duara kubwa.

Nikajibu kwa maringo, mpumbavu mimi: "Ni ya mama mudogo. Bamama bote banapitaka kwake."

"Donc ni ye njo anatuletea magonjwa!" mtu akasema nyuma.

Nilieleza kwamba hana kipele hata kimoja, kwamba duara ni kubwa kwa sababu watu wanampenda. Nani alinisikiliza? Kufikia Jumapili baraza lilikuwa tupu.

"Mutoto yangu, uliniandika pale sababu ya nini?" aliniuliza, kitana mkononi.

Nikamwambia mambo yatatulia, nikarudi kusahihisha mitihani yangu.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta amekufa. Kando ya kitanda palikuwa na karatasi ya kituo cha afya: malaria, ile ya kawaida tunayoijua sote. Hakupata mtu wa kumnunulia dawa. Majirani walisema mlango ulikuwa umefungwa tangu Jumatano. Zamani isingefika saa nne asubuhi kabla wanawake kumi hawajauliza yuko wapi. Mistari ile ile niliyoihesabu kuwa njia za ugonjwa ndiyo iliyokuwa ikimweka hai. Na mstari wangu mimi je? Najichukia kwa wiki ile.

Kwenye matanga wanawake walikuja, wakalia kweli. Mkuu wa mtaa akaketi karibu nami, akaninong'oneza:

"Professeur, pole sana. Bon, sasa rond mukubwa iko wapi?"

Nikawatazama wanawake waliokaa kwenye mikeka mbele yetu. Walikuwa wamesukwa upya, karibu wote mtindo mmoja, mkono mmoja. Ningeuliza mara moja tu, ningeambiwa nyumba ya msusi wao mpya.

"Sijui," nikamwambia.