Nilivyompangusa Baba Mkwe Kwenye Zebra

Haya, chekeni, lakini mkimaliza mnisikilize, maana habari hii imeshazunguka Shirere yote ikiwa imetiwa chumvi na wale wanafunzi waliopanga kwenye ploti yetu, na nimechoka kusimuliwa mkasa wangu mwenyewe na watu ambao hawakuwepo. Ni kweli nilimgonga baba mkwe wangu na baiskeli. Ni kweli nilimmwagia unga. Na ni kweli, Mungu anisamehe, nilimpigapiga matakoni kwa viganja vyangu viwili katikati ya barabara kuu, mchana kweupe, huku lori la miwa likisubiri nimalize. Sikuwa nimerukwa na akili. Nilikuwa na haraka tu.

Mambo yalianza hivi. Mimi na Wekesa tulikuwa tumeanza kukaa pamoja kabla wazee wetu hawajakutana, vile vijana wengi tunafanyanga siku hizi, na baba yangu jambo hilo lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alisema hatakanyaga kwangu mpaka wazee wa kina Wekesa wafike kwake. Sasa baba yake Wekesa, mkulima wa mahindi kule Chekalini na mtu wa maneno ya kuhesabika, naye akasema hatumi wazee popote kabla hajaja kuona huyo msichana anaishi namna gani. Kwa hivyo mnaona nilivyokuwa nimebanwa. Jumamosi hiyo mzee akiondoka ameridhika, nimeolewa. Akiondoka amenuna, nabaki kuwa "yule anakaanga na Wekesa bila kuolewa" mpaka nizeeke.

Halafu mjue kwetu mkamwana na baba mkwe hawagusani. Hakuna kusalimiana kwa mkono, hakuna kukaa kiti kimoja, hata chai humpi mkononi, unaiweka mezani na kurudi nyuma kwa adabu. Mama yangu alinipigia simu kunikumbusha jambo hilo mara nyingi sana wiki hiyo, mpaka nikamwambia, "Mama, kwani unafikiri nitamkumbatia?"

Asubuhi ya Jumamosi nikachinja ingokho, jogoo mkubwa mwenye hasira, nikamweka jikoni, na Wekesa nikampa kazi ya kuangalia moto. Kilichobaki ni unga. Nilitaka mzee ale ugali wa mahindi yake mwenyewe, yale aliyotutumia baada ya kuvuna, ili aone kwamba sisi si watu wa kutupa baraka. Lakini stima ilikuwa imepotea tangu usiku, mashine ya posho ikalala, na iliporudi nilikuta foleni ya akina mama ambayo hata mwisho wake sikuuona vizuri. Nilipotoka na ndoo yangu imejaa unga bado wa moto, Wekesa akapiga simu: "Papa na senge wameshuka kwa gari. Wanakuja na miguu." (Senge ni shangazi yake, dada ya mzee. Huyo nilikuwa namjua, alishawahi kulala kwetu, na ulimi wake nilikuwa naujua pia. Mzee mwenyewe nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwenye matanga, kwa mbali, amevaa kofia na miwani.)

Nikafunika ndoo na leso kwa kuwa haikuwa na kifuniko, nikaifunga kwenye keria ya baiskeli na mpira, raundi moja tu badala ya tatu (haraka, jamani, haraka), nikapanda.

Pale barabara kuu kuna zebra, na ng'ambo yake kuna ile njia pana ya watu wa miguu na baiskeli inayonipeleka karibu na nyumbani. Hapo husimama mama mmoja wa kuvusha watu, mwenye jaketi la kung'aa na kibao cha kusimamisha magari. Sisi wawili tulikuwa na ugomvi wa kila siku. Yeye huniambia mwenye baiskeli akifika kwenye zebra ashuke, asukume, avuke kama watu wengine, na hata kule kwenye njia ya pamoja aende polepole, apige kengele mapema na awapishe wanaotembea. Mimi huitikia ndiyo mama, ndiyo mama, na kesho yake napita nimekaa juu.

Siku hiyo alishasimamisha magari, lori la miwa likiwa mbele kabisa, na watu wanavuka pande zote mbili. Akaniona nakuja.

"Shuka usukume."

"Nina wageni, mama," nikamjibu, kana kwamba wageni ni leseni.

Nikaingia kwenye zebra nikipiga kengele, nikampita mwenye mizigo, nikampita mama mwenye mtoto mgongoni, najiona fundi kabisa, na mbele yangu nikakuta mzee mmoja mwenye koti jeusi. Aliposikia kengele akageuka, akaenda kushoto. Nami nilikuwa nimeshaamua kwenda kushoto. Akarudi kulia, nami nikarudi kulia. Tukatazamana. Nikashika breki zote mbili kwa nguvu, gurudumu la nyuma likainuka, ule mpira wa raundi moja ukaachia, na ndoo ikapita juu ya kichwa changu ikaenda kumwagika yote, yote kabisa, juu ya mzee wa watu. Baiskeli nayo ikamsukuma magotini akakaa chini, taratibu, bila kelele, na wingu jeupe likatufunika sote.

Hapo ndipo ningeshuka nikaomba msamaha mambo yakaisha. Lakini mimi nikishikwa na aibu mikono yangu hufanya kazi bila ruhusa. Nikatupa baiskeli, nikamwinua yule mzee kwapani, nikaanza kumpangusa. Nikampangusa mabega, nikampangusa kifua, nikamgeuza, nikampigapiga mgongo, nikashuka na suruali, pa pa pa, vile unavyopangusa mtoto aliyecheza kwenye vumbi dakika moja kabla ya kanisa, na huku ninasema, "Pole mzee, pole sana, geuka kidogo, pole." Kofia ilikuwa imeanguka, miwani imejaa unga, uso wote mweupe. Ningemjulia wapi?

Bodaboda waliokuwa kando ya barabara wakapata kazi ya siku hiyo. Mmoja akasema, "Sista, umebakisha pale kwa mfuko wa nyuma," na mimi, kwa ujinga wangu, nikarudia pale kwa mfuko wa nyuma.

Mzee akavua miwani polepole. Akasema bila kupandisha sauti, "Mama, hapo panatosha."

Na kutoka ng'ambo, ambako alikuwa ametangulia kuvuka na kuona kila kitu tangu mwanzo, nikasikia sauti ya senge: "Wewe, toa mkono. Huyo ni baba yake Wekesa."

Sijui niwaeleze vipi. Mkono wangu mmoja ulikuwa bado uko kwenye suruali ya mzee na sikuwa na uwezo wa kuutoa, mpaka dereva wa lori la miwa akapiga honi nikaruka. Nilitamani lile lori linipitie tu.

Mama wa kuvusha watu akaja, akaokota kofia, akampa mzee, kisha akanigeukia. "Ungekuwa unasukuma, ungekuwa mtembea kwa miguu kama yeye. Ukikaa juu wewe ni gari. Sasa gari limegonga mtu kwa zebra." Niliokota ndoo yangu, nikainua baiskeli, nikawafuata wageni wangu kwa mbali nikisukuma, ingawa nilikuwa nimeshachelewa kabisa.

Nyumbani mzee alikataa kuingia ndani. Alikaa kwenye kiti pale barazani, mweupe bado, na wanafunzi wote wa ploti wakakumbuka ghafla kwamba wana nguo za kuanika. Harufu ya ingokho ilikuwa inatoka jikoni, tamu, na ugali wake uko barabarani unakanyagwa na magari. Wekesa alinitazama mimi, akamtazama baba yake, akaenda kuangalia moto. (Mpaka leo namuuliza, moto gani?)

Senge akanisimamisha mbele yake. "Uliguswa na yeye ama wewe ndiye ulimgusa?"

"Senge, ni baiskeli ilimgusa," nikasema. "Na baiskeli si mkamwana."

Akafikiria. Kwa kweli alifikiria, nikaona kama nimepata mwanya. "Sawa. Hiyo ya kugonga tuwachie baiskeli. Na ile ya kupigapiga?"

Hapo machozi yakaanza kunitoka, maana nilimwona baba yangu kule nyumbani akisubiri wazee ambao hawatafika. Nilimpenda Wekesa, na nilitaka niolewe kama watu. Nikasema, "Nilisahau mikono yangu, senge. Sina lingine."

Mzee akasimama, akavaa kofia, na kwangu jambo likawa limekwisha. Alipita mbele yangu kwenda langoni, na jamani, nyuma ya ile suruali nyeusi kulikuwa na viganja vyangu viwili, vimepigwa chapa kwa unga, na vidole vyote vinaonekana. Wanafunzi waliviona. Senge aliviona. Mzee akasimama hatua moja tu kutoka nilipokuwa, amenipa mgongo, akauliza kama anayeuliza upepo, "Kuna unga umebaki huko nyuma?"

Vidole viliniwasha, nisiwadanganye. Watu wote waliitazama mikono yangu. Nikaipeleka nyuma ya mgongo wangu, nikaikamata mmoja kwa mwingine, nikarudi hatua mbili.

"Upo, baba," nikasema. "Wekesa atakupangusa."

Wekesa akatoka jikoni mbio kwa mara ya kwanza siku ile. Mzee akamzuia kwa mkono. "Wacha. Nitaenda nao hivyo." Kisha akamwambia dada yake, huku ameniangalia mimi, "Huyu anafunzika. Waambie wazee wajitayarishe."

Akapanda gari akarudi Chekalini na viganja vyangu matakoni, akashuka navyo sokoni, akapita navyo mbele ya majirani, na alipoulizwa, nasikia, alijibu kwamba ametoka kumwona mkamwana.

Wazee walifika kwa baba yangu na nikaolewa, ingawa nilitoa kuku wa kuondoa ile aibu kabla mzee hajakubali kula kwangu. Na baiskeli bado ninayo. Lakini nikifika kwenye zebra nashuka, hata kama ni mimi peke yangu, hata kama mvua inanyesha, hata kama nimechelewa, na nimegundua kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia kuhusu hiyo sheria: mtu anayesukuma baiskeli, mikono yake yote miwili iko kwenye usukani.