Udongo Tuliouficha

Mama mkwe wangu hakunipenda mwanzoni, nami sikumpenda. Alisema mikono yangu ni ya darasani, haijui jembe. Mimi nilisema, kimoyomoyo tu maana sikuwa mwendawazimu, kwamba ulimi wake ungeweza kulima peke yake. Leo nikikumbuka wakati ule Katanga ilipojitenga na Kongo, nampenda kuliko ninavyoweza kusema, na hayupo tena wa kuambiwa.

Mume wangu alifanya kazi ya reli. Kwenye karatasi mji wetu uliitwa bado Elisabethville, lakini sisi tuliuita Lubumbashi tangu zamani. Mama yake alikaa kando ya bonde, chini ya njia ya Kasapa, na bonde lile lilikuwa la wanawake. Walilima wale waliotoka kaskazini kama sisi, na wale wa Kasai pia, bega kwa bega, hata siku zile wanaume walipoanza kuulizana makabila. Udongo ulikuwa mweusi na laini. Hata mwisho wa kiangazi, nyasi zote zikiwa zimeungua, ukichimba kidogo pale ulikutana na maji.

Na tulilihitaji bonde lile. Tulikuwa na bendera mpya na pesa mpya, lakini unga haukuonekana. Njia zilifungwa kila mapigano yalipozuka, na sokoni ulikuta wachuuzi wamekaa mbele ya meza tupu wakipiga soga. Nyanya, vitunguu, matembele na lengalenga, mchicha wa kwetu, zote za bondeni, ndizo zilizotuweka hai. Nami nilikuwa na mimba yangu ya kwanza.

Ndipo tukasikia kwamba tajiri mmoja wa mjini ameiomba serikali ibadilishe ardhi ile, isiwe tena ya kulima, iwe ya kujenga. Alitaka kuikata viwanja. Ofisi ikajibu kwamba kabla ya kukubali au kukataa, itamtuma mtu apime udongo, maji na miti ya pale.

Mtu ambaye hakukulia katika nchi ya shaba hataelewa tulivyofikiri. Kwetu, mtu wa serikali akichimba shimo dogo, nyuma yake linakuja shimo kubwa la mgodi. Mama mkwe aliyaona hayo kwao alipokuwa msichana. Watu walikuja, wakatoboa ardhi, wakatazama kilichotoka, wakafurahi, na kijiji kizima kikaambiwa kihame. Hakuna aliyewahi kufukuzwa kwenye ardhi mbaya.

Mpimaji alifika mwezi wa tisa, mvua bado haijanyesha. Alikuwa mtu wa makamo, mweusi kama sisi, aliyepewa kiti cha mzungu aliyeondoka. Alivaa tai katika joto lile, na viatu vilivyopigwa rangi, akashuka navyo topeni bila kujali. Vibarua wake walichimba mashimo hapa na pale, wakayafunika kwa matawi.

"Bamama, musiguse aya mashimo," alituambia kwa upole. "Nitarudia kuona mayi inapanda mpaka wapi."

Angerudi kesho kutwa asubuhi. Hata kabla gari lake halijapotea njiani, mama mkwe alikuwa ameshika kiuno.

"Akikuta mayi, tumekufa," alisema. "Iyi fasi yetu ya kulima batamupatia ule tajiri, na siye batatufukuza."

"Sasa tufanye nini?" aliuliza jirani yetu, mama mmoja wa Kasai ambaye tuta lake lilipakana na letu.

"Tuifiche."

"Mama, bonde inafichwa namna gani?"

"Leta karai, utaona."

Basi tukalificha bonde. Kesho yake, tangu jua linachomoza, wanawake wote walivuna kila kilichoota, nyanya nyekundu na mbichi, lengalenga pamoja na mizizi yake. Tulibeba kokoto kutoka kando ya reli na udongo mwekundu wa mlimani, ule mgumu ambao hata jembe linaukataa. Tukajaza mashimo, tukayarudishia matawi, tukatawanya mawe juu ya matuta. Mimi na tumbo langu nilibeba karai kichwani mpaka shingo ikakakamaa, na mama mkwe akasema, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, kwamba kumbe najua kazi. Nilifurahi kijinga, nikaenda kubeba lingine.

Jioni bonde lilifanana na kichwa kilichonyolewa kwa wembe butu. Mboga zote tulizirundika nyuma ya nyumba ya mama mkwe, tukazifunika kwa mikeka. Jirani yetu wa Kasai alilitazama tuta lake, akageuka upande ili tusimwone analia.

Mpimaji alirudi kama alivyoahidi. Akaondoa matawi kwenye shimo la kwanza, akachungulia, akaingiza mkono, akautoa mkavu.

"Mayi iko wapi?"

"Mayi gani, mukubwa?" mama mkwe alijibu, uso mkavu. "Uku kunaota majiwe tu."

Hakugomba, ingawa juzi alituona tukilima pale. Alienda shimo kwa shimo, akaokota udongo, akausaga kwa vidole, akaandika. Kadiri alivyoandika ndivyo uso wake ulivyozidi kunyong'onyea, na sisi tukazidi kukanyagana miguu kwa furaha. Tulidhani anasikitika kwa kuwa amekosa cha kumpelekea tajiri wake.

Jua lilipofika utosini alipanda juu, uani kwa mama mkwe, kutuaga. Shati lilikuwa limelowa jasho na midomo imemkauka. Alimshukuru mama mkwe kwa uvumilivu, akageuka aende zake.

Nikamwona mama mkwe anahangaika. Nilijua kinachomsumbua. Katika maisha yake yote hakuna mgeni aliyetoka kwake na njaa, awe padri, awe mtoza kodi. Nikamfinya mkono. Akauondoa mkono wangu kama anayefukuza nzi.

"Mama, muache aende," nilimnong'oneza.

"Atoke mu lupango yangu na njala?" alinijibu, wala hakunong'ona. "Basi miye si muntu. Mukubwa! Ikala chini kwanza!"

Wahenga walisema mgeni aje, mwenyeji apone. Mimi siku ile niliona mwenyeji anajinyonga kwa kamba yake mwenyewe. Kwa maana angempikia nini? Hakukuwa na kitu kingine. Ulitoka unga wa mwisho wa nyumba, ukawa bukari, ndio ugali wetu, na kando yake lengalenga ya karanga, matembele, na nyanya zilizokaangwa na vitunguu mpaka harufu ikajaza uwanja. Wanawake wote waliinama, wanatazama vidole vya miguu yao.

Mpimaji alinawa, akamega, akala. Akala tena. Kisha akainua jani moja la lengalenga, akalitazama kwa makini.

"Mama, iyi mboga inatoka wapi?"

"Ku soko."

Alicheka. "Soko gani? Bibi yangu, mama ya batoto bangu, anatembea masoko yote, anarudia na majani ya kukauka. Iyi ingali na mayi yake."

 Mama mkwe alikunja kanga yake, akaikunjua. Halafu akamtazama usoni.

"Iko yetu. Inatoka pale mu bonde. Tuliificha. Kula kwanza, kisha utatufukuza."

Mpimaji aliweka tonge chini.

"Nani alisema kufukuza? Mama, fasi ya udongo mubaya ndiyo tunapatia bantu ba kujenga. Fasi ya udongo muzuri, yenye mayi, inabakia ya kulima. Nilikuwa naenda kuandika kile mashimo inaonyesha: bonde yenu iko majiwe tupu!"

Nilikaa chini pale pale.  "Kumbe tulikuwa tunajizika siye benyewe," mama mkwe alisema. Hapo hapo akashika jembe, akateremka, akaanza kuzoa kokoto kwenye shimo la karibu. Sote tulimfuata mbio, na mpimaji nyuma yetu, tai imeruka begani, bado anatafuna. Shimo lilipobaki tupu, tulisimama tukilizunguka. Maji yakaanza kujikusanya polepole, machafu, mpaka yakamfika mpimaji kwenye kifundo cha mkono alipopiga magoti na kuyapima. Wahenga walisema pia mficha uchi hazai, nami nilisimama pale tumbo mbele, nacheka na kulia kwa pamoja.

Ombi la tajiri lilikataliwa. Yule mpimaji sikumwona tena. Baada ya Katanga kurudi Kongo, watu wa ofisi zile walitawanyika. Angeweza kutukasirikia kwa kumdanganya. Angeweza kwenda zake na kuandika alichokiona tu, na hakuna ambaye angemlaumu. Alikaa, akala, akauliza. Popote alipo, namshukuru.

Tulipanda upya. Mvua zikaja, na vita navyo vikaingia mjini kabisa. Nilijifungua mtoto wa kike huku milio ya risasi inasikika, na nyumbani kwetu unga ulikuwa umekwisha. Mama mkwe alitembea kutoka bondeni na kikapu kichwani, akapita katikati ya wanajeshi wa Umoja wa Mataifa wenye kofia za buluu na wale wa Katanga, wote wakimwelekezea bunduki na yeye akiwagombeza wote. Alinipikia, akakaa mbele yangu mpaka sahani ikawa nyeupe.

"Kula," aliniambia. "Apana ya weye. Ya mutoto."

Maziwa hayakukauka. Msimu ule mtaa wetu ulizika watoto wachanga ambao mama zao hawakuwa na cha kula, na nilihudhuria vilio vyao nikiwa nimembeba wangu mgongoni, nikiona haya kwa bahati yangu. Wangu alikua. Miaka mingi baadaye, mama mkwe alipougua na kushindwa hata kumeza uji, binti huyo ndiye aliyekaa naye, akimnywesha kwa kijiko, mpaka akamfumba macho.